Mkono wa Melkiori

Vijana wa kitengo cha mazoezi ya viungo waliponiaga walinipa kitenge, saa ya ukutani na kazi. Kazi yenyewe ni hii: niandike niliyoyaona tangu nilipoanza, wapate cha kusoma wagonjwa wakichelewa. Kitenge nimeshona, saa imeshasimama, imebaki kazi. Sitasimulia nilipanda cheo lini. Hayo yamo kwenye jalada langu, na hayajawahi kumsaidia mgonjwa kunyanyua mguu.

Mimi ni Mpare. Nilifika Kigoma kwa treni, binti mwenye cheti kipya na sanduku la bati, nikiwa na nia ya kukaa kidogo kisha niombe uhamisho. Wote tuliopangiwa huku tulikuja na nia hiyo, na wengi wetu tumezika wazazi wetu kwa simu. Nilipanga chumba Buzebazeba, nikaanza kazi. Kitengo kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na mabomba mawili yaliyochimbiwa sakafuni ya kushikilia wanaojifunza kutembea. Uzito tulishona wenyewe, vifuko vya kaniki tulivyojaza mchanga wa ufukweni Katonga. Mchanga ule hata uuoshe vipi, mvua ikikaribia ulinuka dagaa. Mipira ya ndani ya baiskeli ndiyo tuliyovutia mabega. Nyinyi leo mna mipira ya rangi iliyotoka dukani, na sijaona bega lililojua tofauti.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Lusambo, mzaliwa wa Ujiji, mtu mrefu asiyepaza sauti hata kwa makarani. Siku yangu ya kwanza nilimfuata wodini na nyundo ndogo ya mpira mkononi, ile ya kugongea magoti, nimeishika kama mtu anayekwenda kuua nyoka.

"Hiyo weka mfukoni," akaniambia. "Tunakwenda kusalimia."

Kwenye kitanda cha kwanza alilala kijana wa mjini aliyeanguka nyumbani kwao bila sababu iliyojulikana. Alipomwona mkuu wangu alijiinua. "Shikamoo, Mzee Lusambo," akampa mkono. Lusambo akaitikia marahaba, akamuuliza habari za nyumbani, tukatoka nje.

"Umeona nini?"

"Mkono wa kulia una nguvu," nikajibu.

"Na wa kushoto?"

"Hakuutumia. Salamu hutolewa kwa wa kulia."

"Kwenu Upareni. Huku mtu akimpa mkubwa mkono, wa kushoto huja kushika wa kulia hapa." Akagusa chini ya kiwiko chake. "Kijana yule namjua, na aliyemlea namjua. Hana dharau. Mkono wa adabu usipokuja, usiseme mtu hana adabu. Kapime."

Nilirudi nikapima. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea kweli, na mwenyewe alikuwa hajausema. Baadaye niliona kwa nini mkono huo huletwa hospitali umechelewa. Wa kulia ukilala, nyumba nzima inapiga kelele siku hiyo hiyo. Wa kushoto ukilala, mtu anakula kwa wa kulia, anatoa kwa wa kulia, anapokea kwa wa kulia, na majirani wanasema amelelewa vizuri. Tangu siku ile sikugusa mgonjwa kabla ya kumsalimia.

Mgonjwa aliyenifundisha kuhusu ubongo kabla sijavielewa vitabu alikuwa Bi. Sikudhani, mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi inakofikia mitumbwi, aliyejulikana mwalo mzima kwa mdomo wake. Kiharusi kilimpiga ubongoni upande wa kushoto, kwa hiyo kikalaza mwili upande wa kulia. Ndivyo tulivyoumbwa, upande huu wa ubongo huongoza mkono wa upande ule. Pamoja na mkono, maneno yote yaliondoka, likabaki moja: sasa. Akitaka maji, "sasa." Akikataa uji, "sasa." Akimtukana mkwe wake, "sasa," na mkwe alilipata lote. Ukimwanzishia Alhamdu aliifuata mpaka mwisho bila kukwama, lakini jina la binti yake wa kumzaa lilimshinda.

Siku moja nilimkalisha mbele ya kile kioo. Akautazama mdomo uliopinda, akautazama mkono wa kulia uliolala mapajani, akaanza kuuchapa kwa mkono wa kushoto huku machozi yanamtoka. Nilimwacha alie. Maneno yalikuwa yamekwenda, lakini yeye alikuwepo, anajua kwamba ni Sikudhani na kwamba mkono ule mvivu ni wake. Alirudi Kibirizi akiwa amekalishwa kwenye kigoda, akipatana bei kwa vidole vya kushoto na neno lake moja. Wateja walimsamehe mkono wa kushoto. Bei hakupunguza.

Niliamini basi kwamba mgonjwa anayesema vizuri ana nafuu kuliko asiyesema. Hata wakufunzi wetu waliamini hivyo. Miaka mingi baadaye, kwenye semina, tuliletewa mhamasishaji mwenye tai aliyetueleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ni mhasibu na wa kulia ni msanii, na kila mtu achague wake. Washiriki walipiga makofi. Mimi nilikuwa nikimfikiria Mwalimu Bizimana.

Mwalimu huyo nilikutana naye miaka ya wakimbizi. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi na Kongo, kwa ziwa na kwa nchi kavu, na hospitali yetu ililaza wagonjwa hadi kwenye vibaraza. Nilipangiwa kwenda kila wiki kwenye kambi moja upande wa Kasulu. Gari liliniacha asubuhi kwenye zahanati ya maturubai, likanichukua jioni likikumbuka. Huko niliitwa Muganga, kama Warundi wanavyomwita daktari yeyote, na nilichoka kuwasahihisha.

Bizimana alikuwa mwalimu mkuu kwao kabla ya vita. Hata kambini alilifunga shati lake mpaka kifungo cha shingoni, kilichofungwa sasa na mkewe Goreti. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo, mkono wa kushoto ukalala. Kusema alisema kuliko sisi wote. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kilichonyooka, na nilipomsalimia mara ya kwanza alinipa mkono wa kulia na kuniuliza habari za safari, hali ya barabara na afya ya wakubwa wangu wa kazi. Wa kushoto haukuja. Niliuinua nikamuuliza kama anausikia.

"Huo si wangu, Muganga," akasema kwa upole. "Ni wa ndugu yangu Melkiori."

Nilimtazama Goreti, mwanamke mwembamba aliyesimama mlangoni na ndoo. Aliinamisha uso.

"Melkiori yuko wapi?" nikauliza.

"Anafuata nyuma," akajibu Mwalimu.

Goreti alinieleza nje, akiwa ameshika ndoo tupu muda wote. Walipovuka Malagarasi maji yalikuwa mengi, wakashikana mikono kama mnyororo. Mwalimu alimshika yeye kwa mkono wa kulia, na mdogo wake Melkiori kwa wa kushoto. Walipofika ng'ambo, wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Mwili hatukuuona," alisema. "Basi yeye akasema tusikae matanga, kwamba mtu asiyeonekana hajafa. Miaka yote hiyo akanyamaza. Sasa ugonjwa huu umekuja, kila siku Melkiori, Melkiori."

Sidai kwamba ubongo hupanga mambo kwa uzuri huo kila mara. Nimehudumia mgonjwa mwingine mwenye ugonjwa huo huo aliyesema mkono wake ni wa shemeji yake, na shemeji mwenyewe hakumpenda. Ninachoweza kuwaambia ni nilichokiona kitandani. Upande wa kulia wa ubongo ukiumia sana, mtu anaweza kuacha kuupokea mwili wake wa kushoto, hata sahani akaila nusu na kudai chakula kimekwisha. Upande wa kushoto wenye maneno ukabaki mzima, na kazi yake ni kueleza. Usipoletewa habari unatunga, na unatunga kwa sauti ya mtu aliyetulia. Bi. Sikudhani hakuwa na la kusema na alijijua. Mwalimu Bizimana alisema yote na kipande chake kizima kilikuwa hakimo.

Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, na kwa sifa hiyo hatukuonewa. Nilimfungulia Mwalimu kesi kila wiki. Nilimwambia atumie mkono wake wa kulia kuufuata wa kushoto kuanzia begani. Bega lilikuwa lake. Kiwiko kilikuwa chake, baada ya kusita. Chini ya hapo akasimama.

"Hapa ndipo anapoanza Melkiori."

Nikaleta ushahidi wa pili, pete ya ndoa iliyokuwa kwenye kidole cha kushoto.

"Pete hii ya nani, Mwalimu?"

"Yangu. Padre mwenyewe alitufungisha, muulize Goreti."

"Iko kwenye kidole cha nani?"

Aliitazama kidogo, kwa pembe ya jicho. "Cha Melkiori. Nilimpa anishikie."

Goreti akacheka, kisha akaziba mdomo kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nashindwa kesi na mtu ambaye hakimu wake alikuwa ndani ya kichwa kile kile.

Kama ingekuwa hoja ya maneno ningemwachia. Lakini mkono usio na mwenyewe hauna mlinzi. Wakati Goreti amekwenda kuteka maji, mkono ulimponyoka Mwalimu ukaangukia kwenye moto wa mafiga, na alikaa karibu na nyama yake inayoungua akidhani jirani anachoma kitu. Kidonda kikala nyuma ya kiganja na vidole viwili. Wauguzi walikifunga; yeye alikifungua, maana alihitaji kitambaa cha kufutia miwani na hakuona sababu ya kuacha kizuri hivyo kwenye mkono wa mtu mwingine. Usiku aliulalia. Kidonda kilianza kutoa harufu, kisha mkono ukavimba kupita kifundo.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mzuri aliyekonda kwa kazi. Aliniita pembeni akasema sumu ikipanda zaidi atampoteza mgonjwa, kwa hiyo nitakaporudi wiki ijayo, kama uvimbe haujashuka, atampeleka mjini mkono ukatwe. Tuliingia pamoja kumwomba Mwalimu ruhusa. Nilitegemea aseme kateni, si wangu. Wengine husema hivyo.

"Haiwezekani, Daktari," akasema. "Mtu haruhusu kukatwa kitu cha mwenzake. Mwenyewe hajafika."

"Mwalimu, utakufa," daktari akamwambia.

"Nikifa, Goreti atamweleza Melkiori kwamba sikukubali."

Goreti alikaa chini hapo hapo kwenye udongo. Daktari alitoka nje kwenda kwa wagonjwa wengine, na nilibaki na hasira ambazo hazikuwa na pa kwenda. Nilimkasirikia Mwalimu kwa adabu yake, kwa kifungo chake cha shingoni, kwa sentensi zake zilizonyooka wakati mkono unaoza ubavuni mwake. Sikuwa na mbinu yoyote. Yaliyonitoka hayakuwa tiba, yalikuwa maneno ya mtu aliyeshindwa.

"Sawa, Mwalimu. Umeshinda. Mkono ni wa Melkiori. Sasa akitokea kesho mlangoni pale, ndivyo utakavyomrudishia? Mtu amekuachia amana, wewe umeiacha ikaungua, umeivua nguo ukafutia miwani, unailalia. Kwenu ndivyo amana inavyotunzwa?"

Akafanya jambo ambalo wiki zote zile nilishindwa kumfanyisha kwa mazoezi: aligeuza kichwa kizima kushoto, akautazama mkono.

"Unanuka," akasema.

"Ego, ndiyo, unanuka," Goreti akamjibu kutoka chini alipokaa. "Na umeozea kwako."

Mwalimu akamgeukia mkewe. "Goreti. Zana amazi."

Akaleta maji. Waliuosha pamoja, Mwalimu kwa mkono wa kulia akiufuata kila kidole kama anayeosha mtoto wa mtu mkubwa. Muuguzi akafunga upya. Jioni hiyo kitambaa kilikuwa bado mahali pake. Goreti alitafuta kigoda cha pili, akakiweka kushoto kwa mumewe na kukitandika nguo safi, mkono ukakaa juu yake mbali na moto. Watoto wa majirani wakipita karibu walifokewa. "Taratibu! Hapo kuna mtu." Akitaka kuinuka aliuchukua kwanza kwa wa kulia, akauambia, "Melkiori, twende," kisha wakaenda. Alinieleza kwamba kwao kwenye michikichi mafuta ya mawese hayakosekani, na kwa kuwa kambini yalikosekana, baadaye nilimletea chupa moja kutoka mjini. Aliupaka mkono kabla ya kujipaka yeye, kwa sababu mgeni hutangulia.

Nilirudi wiki iliyofuata nikiwa nimejiandaa kwa habari mbaya. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Ncha ya kidole kidogo haikupona, daktari akaiondoa, na Mwalimu aliidhinisha hilo baada ya kufikiri sana, akisema Melkiori angelielewa. Mkono ukabaki. Daktari yule alinilaumu kidogo, kwa heshima, kwamba nimemkubalia mgonjwa uongo wa ugonjwa wake, jambo ambalo kitabu kimekataza. Nilimwambia kitabu kiko Kigoma mjini na mkono uko hapa. Lakini nilikuwa na wasiwasi kama yeye. Ni rahisi kumpa mtu ndugu. Sikujua ndugu huyo atamtokaje.

Mazoezi tuliendelea nayo, mimi, Mwalimu na Melkiori. Vifuko vya mchanga vya Katonga vilisafiri hadi Kasulu vikinuka ziwa. Bega likaanza kujibu, kisha kiwiko, kisha vidole vikaanza kufumba polepole. Nguvu ilirudi kwenye mkono ambao mwenyewe hakuudai. Alinisifia Melkiori kwa bidii, kama anavyosifia mwanafunzi wa darasa la chini.

Masika yalikuwa yamekwisha nilipofika siku moja nikamkuta Goreti amenisubiri barabarani, pale gari lilipozoea kuniacha.

"Analia tangu jana, Muganga. Hajala."

Nilimkuta nje ya nyumba yao, mkono wa kushoto umelala mapajani. Kigoda cha pili kilikuwa kimewekwa kando, kitupu.

"Muganga," akasema, "mkono huu ni wangu."

Nilifurahi. Wagonjwa wa namna hii wengi hurudi wenyewe, ubongo ukitulia. Najua hivyo leo, na hata siku ile nilikuwa nimesoma. Lakini sikuwahi kumwona mtu akirudi mbele yangu. Nilichuchumaa, nikamuuliza imekuwaje.

"Nilikuwa nauosha. Nikaona kovu hili la zamani hapa. Tulikuwa tunachonga mpini wa jembe, mimi na Melkiori, tukiwa wadogo. Yeye ndiye aliyeshika panga. Mimi ndiye niliyekatwa." Alipitisha kidole cha kulia juu ya kovu. "Nimeutazama usiku kucha. Ni wangu, huu."

"Ndiyo, Mwalimu. Ni wako."

"Kama ni wangu, Muganga, yeye yuko wapi?"

Goreti, aliyekuwa na jibu hilo tangu mtoni, hakulitoa. Tulikaa hapo mpaka Mwalimu alipolisema mwenyewe kwa Kirundi, kwa sauti ndogo, na Goreti akaanza kulia kwa kelele, na majirani wakatoka nje ya nyumba zao.

Walikaa matanga bila kaburi. Niliomba gari siku ambayo si yangu, wakanipa. Nilikuwa nimebeba mambo mawili moyoni. Nilihuzunika, maana nilikuwa nimemzoea Melkiori, mgonjwa wangu wa nusu mwaka ambaye sikuwahi kumwona. Na nilikuwa na furaha ya kazi, ile mnayoijua, ya mkono uliokolewa na mtu mzima aliyerudi ndani yake. Barabara nzima nilikuwa napanga maneno ya kumpongeza.

Kulikuwa na foleni ya watu wa kutoa pole. Nikasimama nyuma ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, zamu yangu ikafika. Mwalimu aliinuka, kifungo cha shingo kimefungwa. Akanyoosha mkono wa kulia. Nikatazama chini, kama nilivyofundishwa na Lusambo, na nikauona wa kushoto ukinyanyuka kutoka ubavuni, unatetemeka, unapita tumboni, unatafuta njia, mpaka ukafika chini ya kiwiko cha kulia, ukashika. Vidole vinne na kipande.

"Pole, Mwalimu," nikamwambia. Ile hongera niliyotoka nayo Kigoma nilirudi nayo Kigoma.